Villa ya Kina Numisius

Neno lenyewe halikuwa la matajiri. Hilo lisemwe kabla ya jingine lolote, maana siku hizi ukitamka villa katika bonde letu, mtu anafikiria nguzo za marumaru, bwawa la samaki, na chumba cha kulia chenye dirisha la kutazamia milima ambayo mwenye chumba hajawahi kuipanda. Zamani villa ilikuwa nyumba ya mkulima shambani. Paa la vigae, zizi upande mmoja, mitungi ya divai imezikwa mpaka shingoni upande wa pili, moshi katikati. Wazee walidai jina limetoka kwenye kubeba: pale ambapo mavuno hubebwa kuingia. Huenda ni kweli, huenda si kweli, lakini hakuna mzee hata mmoja aliyewahi kudai kwamba limetoka kwenye kustarehe. Kisha wakaja watu wa mjini wenye pesa za vita. Walinunua nyumba ya mkulima, wakabomoa zizi, wakajenga hamamu, na jina wakabaki nalo. Sisi tuliobaki na mazizi tukaambiwa tunaishi vibandani.

Numisia alikuwa na miaka hamsini na minne na alikumbuka kila nyumba iliyokufa. Alipokuwa mtoto, mkuu wa kata akisimama siku ya sikukuu ya mipaka, mwishoni mwa Februari, alikuwa akisoma majina ya villa kumi na saba. Mwaka uliopita zilisomwa sita. Kusomwa si mchezo. Kwa desturi ya kata, villa ni nyumba yenye uga wake wa kupuria, kinu chake cha kukamulia, na maji yake yenyewe. Kikipungua kimoja, jina halisomwi. Na nyumba isiyosomwa haina sauti kwenye mkutano, haina haki ya kuchunga juu mlimani, na kabla mwaka haujaisha utamkuta mwenyewe amekuwa mpangaji wa mtu. Kumi na moja zilikufa hivyo. Hakuna hata moja iliyochomwa moto. Zote zilipungukiwa kitu kimoja tu.

Majira yale ya baridi Numisia alikuwa mjini Venafrum, akimuuguza dada yake. Alirudi siku tatu kabla ya sikukuu. Asubuhi ya kwanza alichukua mtungi akashuka kwenye chemchemi, na akiwa ameinama anachota, akainua macho na kuona jiwe la mpaka.

Hakupaswa kuliona kutoka pale. Miaka yote jiwe lile lilikuwa limejificha ndani ya kichaka cha miiba ng'ambo ya chemchemi, na ulilazimika kupenya ukichanwa nguo ili ulifikie. Sasa kichaka hakipo. Kilichomwa chote, na mahali pake palipandwa mizabibu michanga ya Lusius, tajiri wa Roma mwenye villa ya nguzo kule juu, safu kwa safu, mpaka macho yakashindwa kujua kichaka kilikuwa wapi. Jiwe lilisimama peke yake upande wa huku wa chemchemi. Chemchemi ilikuwa nyuma yake. Upande wa Lusius.

Aliweka mtungi chini, akalizunguka jiwe. Lilikuwa lile lile, la babu yake, lenye ufa begani. Ila ukoga wa kijani, ambao tangu utotoni mwake ulikuwa unatazama mlimani kwenye kivuli, sasa ulikuwa unatazama jua linapochomoza. Akarudi nyumbani akihesabu hatua kutoka jiweni mpaka mlangoni. Ishirini na tatu. Baba yake alimfundisha arobaini na moja.

Mumewe Trebius alikuwa mezani, anakula jibini.

"Baba Vibia, jiwe limegeuka."

"Jiwe haligeuki."

"Ukoga ulikuwa unatazama mlimani."

"Umetoka safari, umechoka. Kaa ule."

Alikaa. Akainusa jibini. Ilikuwa imefukizwa kwa moshi wa mti wa tufaha, na wao hawakuwa na mtufaha.

"Hii jibini ya nani?"

"Ya watu."

"Watu wana majina."

"Hermias alipita, akatuletea salamu."

Hermias alikuwa nyapara wa Lusius, mtumwa aliyesimamia watumwa wengine themanini na kutembea kama mwenye mali. "Miaka tisa Hermias anapita barabarani," Numisia alisema, "hajawahi kutuletea hata kikohozi. Leo salamu zake zina mafuta."

"Basi usile."

"Sili. Jiwe lilikuwa wapi, Trebius?"

"Pale pale lilipo. Wewe nawe. Kichaka kimechomwa, kila kitu kinaonekana karibu." Hakumtazama. Alikuwa akimtazama mbwa. Na mbwa, Numisia aliona sasa, alikuwa amenenepa. Alasiri ile vibarua wawili wa Lusius walipita na mikokoteni yao mbele ya ua, na mbwa yule ambaye zamani aliwahi kumng'ata mtoza kodi aliwakimbilia akitikisa mkia. Hata mbwa wamemnunua, akawaza. Halafu akamgeukia mumewe, akamtazama kwa muda mrefu.

Kesho yake alikwenda kwa Ofella. Ofella ni mjane, jirani wa upande wa mlimani, na ulimi wake ulikuwa ukitajwa hadi sokoni. Walikuwa wamesokota sufu pamoja tangu wakiwa wasichana.

"Umeliona jiwe letu?" Numisia aliuliza.

"Mimi macho yangu mabovu tangu vuli, mwenzangu."

"Sasa hivi tu umemwona kunguru akiiba yai kwa Safinius, tena ukiwa umekaa hapa."

"Kunguru ni mweusi. Jiwe lina rangi ya jiwe."

"Ofella."

"Usiniite hivyo, unaniita kama mama mkwe." Alizungusha pia yake ya kusokotea, uzi ukakatika, akautukana. "Sikiliza. Ng'ombe wanaolima kwangu ni wa nani? Wa Lusius. Nikisema nimeona, kesho nalima kwa kucha. Wewe una mume, una paa, una maji."

"Maji ndiyo sina."

Ofella akaizungusha tena bila uzi. Pia ilizunguka bure. "Kama unataka kujua jiwe limekaa wapi," alisema mwishowe, chini kwa chini, "watu huwa hawaulizi majirani. Huuliza kilicho chini yake."

Hilo kila mtu wa bonde analijua. Jiwe la mpaka halisimikwi hivi hivi kama nguzo ya kufungia punda. Shimo linachimbwa, moto unawashwa humo humo, sadaka inachomwa. Mke wa nyumba huleta makaa kutoka jikoni kwake juu ya kipande cha chombo kilichovunjika, na kipande hicho hutupwa shimoni pamoja na mkaa na asali. Jiwe linawekwa juu majivu yakiwa bado ya moto. Mkaa hauozi. Miaka mia ikipita na watu wakigombana, unafunua na kuangalia. Jiwe lisilo na mkaa chini yake ni jiwe lililohamishwa.

Tatizo ni kufunua. Anayeling'oa jiwe bila ridhaa ya pande zote mbili amelaaniwa, yeye na ng'ombe wake, na hakuna atakayekula naye. Mababu waliiweka sheria hiyo kuwazuia wezi. Haikuwajia akilini kwamba siku moja ingemlinda mwizi aliyekwishamaliza kuiba. Numisia alihitaji Hermias akubali, na hakuona kwa nini Hermias akubali.

Siku ya sikukuu kulikuwa na ukungu na baridi ya kuuma. Watu wa kata walikusanyika jiweni wakiwa na kanzu nyeupe, kama thelathini hivi, upande huu na upande ule. Hermias alileta kitoto cha nguruwe kilichofungwa utepe na wanaume sita wa kazi. Numisia alileta makaa kutoka jikoni kwake, juu ya kipande cha bakuli jeusi la bibi yake. Trebius alibeba asali. Damu ikamwagwa juu ya jiwe, nafaka ikatupwa motoni mara tatu, watu wakanyamaza kama inavyopaswa.

Kisha Safinius, mkuu wa kata, mkulima mwenye tumbo na wana wawili waliokodi mizabibu kwa Lusius, akakohoa na kuanza kusoma.

"Villa ya Lusius. Villa ya kina Safinius. Villa ya mjane Ofella." Alisoma mbili nyingine, akakunja ubao.

"Umeruka moja," alisema Numisia.

"Sijaruka."

"Villa ya kina Numisius. Mimi ndiye wa mwisho wao, na niko hapa nakutazama."

Safinius alitazama ubao kana kwamba ungemsaidia. "Dada, nyumba ipo. Uga upo, kinu kipo. Maji hayapo. Chemchemi iko ng'ambo ya jiwe, kila mtu anaona. Mimi nasoma ninachokiona."

"Mwaka jana uliona nini?"

"Mwaka jana kulikuwa na kichaka."

Watu wakacheka kidogo. Hermias alisogea mbele. Alikuwa na sauti nzuri, ya mtu aliyezoea kuwasomea wengine barua. "Bibi Numisia, usikasirike. Bwana wangu hana roho mbaya. Familia yenu ilikuwa inachota kwa hisani, miaka nenda rudi, na itaendelea kuchota kwa hisani. Ataka kuwajengea birika hata. Ni kwamba tu nyumba yenu si ya kuitwa villa. Villa ni ile pale." Akanyoosha kidole juu, kwenye nguzo. "Hii ni nyumba ya chini ya villa. Hakuna aibu."

"Babu yangu alikuwa na villa wakati bwana wako bado anatafutiwa baba."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajifanya anakohoa.

"Jiwe limehamishwa," Numisia aliendelea. "Mbele ya kata nzima, nasema limehamishwa."

Kauli ilikuwa imetoka. Alingoja Hermias akasirike, aape, adai ushahidi, amwite kichaa. Hermias alitabasamu.

"Basi tufunue," alisema.

Akawageukia watu.

"Upande wetu unaridhia. Bwana Safinius ashuhudie. Tufunue sasa hivi, sikukuu ni njema, tusiondoke na kinyongo. Kama hakuna mkaa, mimi mwenyewe nitalibeba jiwe mgongoni." Aliwaashiria wanaume wake, na wanaume wake, jambo ambalo Numisia aliliona vizuri sana, walikuwa wamekuja sikukuuni na sururu mbili.

Nani huja kwenye sadaka na sururu?

Trebius alimshika mkono. "Mama Vibia, acha. Umesikia, anakubali. Mtu mwenye makosa angekubali? Tuombe radhi tule."

Lakini mkono wa Trebius ulikuwa na jasho, katika baridi ile. Numisia aliutoa mkono wake polepole. Mtu anayekataa anaogopa kitakachoonekana. Na anayeharakisha je? Anataka kionekane kitu gani?

"Funueni," alisema.

Safinius aliinua mikono kuwaomba miungu radhi kwa niaba ya pande zote mbili. Wanaume wakachimba kuzunguka, wakaliegemeza jiwe ubavuni. Udongo wa chini ulikuwa mweusi. Mmoja aliingiza mkono, akatoa mkaa, konzi nzima, akauonyesha huku na huku kama mchuuzi wa samaki.

Kicheko kilianzia upande wa Lusius kikavuka mpaka. Wengine walicheka kwa kutua mzigo, kwa kuwa sasa hawakulazimika kuchagua. Ofella hakucheka. Safinius alijifuta uso. "Haya, dada. Umeona."

"Nimeona mkaa," alisema Numisia. Alikuwa amepiga magoti kando ya shimo na kanzu yake nyeupe imeingia tope. "Bado sijaona chombo."

"Kipo pia," Hermias alisema, haraka mno. "Kichimbueni."

Kilikuwepo. Yule mtu alikitoa, akakipangusa kwa kidole, akampa. Kipande kizuri, kikubwa kama kiganja, kitako cha sahani. Numisia alikitemea mate, akakisugua na upindo wa kanzu, akakaa akikitazama. Kulikuwa na kitu hakikukaa sawa, na hakuelewa ni nini mpaka akakiweka chini kando ya kile kipande chake cheusi cha makaa.

"Safinius, njoo hapa."

"Nini tena?"

"Njoo uniambie hii ni rangi gani."

Safinius aliinama kwa shida. "Nyekundu."

"Babu yangu alisimika jiwe hili lini?"

"Mwaka uliofuata vita vya Italia. Kila mtu anajua."

"Miaka themanini na zaidi. Na sahani nyekundu zimeingia bonde hili lini?"

Safinius akakitazama tena kipande. Alikuwa amekwishaelewa, na uso wake ulionyesha kwamba angetoa mwana mmoja ili asiwe ameelewa.

"Chombo ni chombo," Hermias alisema. "Nyeusi, nyekundu, nani anakumbuka nyumba gani ilikuwa na nini? Watu walikuwa na vyombo vya kila aina."

"Hawakuwa navyo." Ilikuwa sauti ya Ofella. Alikuwa amekunja mikono kifuani na macho yake mabovu yalikuwa makali kama ya mwewe. "Sahani nyekundu ya kwanza kuonekana hapa aliileta mjomba wangu kutoka Arretium, siku niliyoolewa. Watu walipanga foleni kuigusa. Mama mkwe alikataa kulia chakula humo, alidai inafanana na nyama mbichi. Kabla ya hapo, bonde zima lilikula kwenye nyeusi. Mimi naikumbuka harusi yangu vizuri, Hermias. Mume ndiye nimemsahau."

Hakuna aliyecheka, ingawa siku nyingine wangecheka. Numisia alikigeuza kipande. Chini yake kulikuwa na mhuri wa mfinyanzi, mdogo, umbo la unyayo. "Walijua kuhusu mkaa," alisema, kama anayejisemea. "Walijua kuhusu chombo kilichovunjika. Wakaenda jikoni kwao kutafuta sahani iliyovunjika, wakachukua ya kwanza. Jikoni kwa Lusius hakuna sahani nyeusi. Haikumjia mtu yeyote kule juu kwamba watu waliwahi kula kwenye chombo kingine." Kisha akainua kichwa. "Ila nataka kujua jambo moja. Hermias ametoka Asia. Lusius ametoka Roma. Haya ya mkaa na chombo hayaandikwi popote. Nani aliwaambia?"

Hakuuliza akimtazama Hermias.

Trebius alikuwa bado ameshika bakuli la asali. Aliliweka chini juu ya nyasi, kwa uangalifu, kama mtu anayeweka kitu ambacho si chake.

"Aliniuliza tu," alisema. "Alikuja na jibini. Alisema anapenda kujua desturi zetu. Nilifurahi mtu kuniuliza kitu. Nikamwambia yote." Akafuta mikono kwenye kanzu. "Siku ya kumi baada ya hapo, asubuhi na ukungu, nilisikia sururu. Nilisikia wakilivuta. Nilifunga dirisha."

"Ulifunga dirisha," alirudia Numisia.

"Wao walikuwa wanane. Nilikuwa peke yangu. Nikasema ukirudi utajua la kufanya."

Kulikuwa na mengi ya kumwambia, na Numisia angeyasema kwa miaka, lakini si pale. Akamgeukia mkuu wa kata. "Umesikia. Si mwanamke peke yake sasa. Mume amesema, jirani amesema, na sahani imesema."

Aliinuka, akaenda mlangoni kwake mbele ya macho ya wote, akageuka, akaanza kutembea akihesabu kwa sauti. Watu wakamfuata. Alipofika arobaini na moja alikuwa katikati ya mizabibu michanga ya Lusius. "Hapa," alisema. Wanaume wa Hermias walimtazama Hermias. Hakuwaambia kitu, si ndiyo wala hapana, basi Ofella akamnyang'anya mmoja sururu akapiga mwenyewe. Mzabibu uling'oka kirahisi. Udongo ulikuwa mlegevu, umechimbwa karibuni. Kwa kina cha mkono mmoja kulikuwa na duara jeusi la majivu yaliyoshikana na udongo mpaka yakawa kama jiwe, na ndani yake, vikiwa vimegandamana, vipande vitatu vya bakuli jeusi lenye kung'aa.

Hawakuwa wamejisumbua hata kuyaondoa. Nani angechimba chini ya mizabibu ya Lusius?

Ndipo Hermias alipomsogelea, akasema kwa sauti ambayo haikuwa tena ya kusoma barua. "Bibi. Sheria unaijua. Mtu huru akihamisha jiwe anatozwa faini. Mtumwa anauawa."

"Naijua."

"Bwana wangu aliniandikia. Anataka maji ya hamamu yafike kabla ya Aprili, ana wageni. Hakuandika hamisha jiwe. Aliandika tafuta njia. Ukimshtaki, atasema hajui, na atanitoa mimi."

Numisia alimtazama. Alitafuta uongo katika uso ule na akauona, na hofu pia akaiona, vyote viko pamoja. Alimchukia. Na alimjua mtu wa juu pale, ambaye hajawahi kukanyaga tope hili, ambaye angetozwa faini akailipa kwa thamani ya chakula cha jioni kimoja, huku huyu akipigiliwa msalabani kando ya barabara na kata nzima ikirudi nyumbani ikiamini haki imetendeka. Yeye alitaka jiwe lirudi na jina lisomwe. Lakini alizikumbuka villa kumi na moja, kila moja imepungukiwa kitu kimoja.

"Sikuamini," alimwambia. "Leo sikuamini, kesho sikuamini. Lakini unaweza kununua midomo yetu. Si kwa jibini."

"Kwa kitu gani?"

"Umehamisha mangapi?"

Macho ya Hermias, kwa mara moja tu, yalipanda mlimani, kwenye mteremko wa upande wa Ofella, na kutoka hapo yakaenda kushoto, kwenye shamba la kina Safinius wenyewe, kisha yakashuka haraka miguuni kwake. Waliyaona watatu: Numisia, Ofella, na mkuu wa kata mwenye tumbo, ambaye alifungua kinywa akakiacha wazi.

"Kwangu?" alisema Safinius. "Wanangu wamekodi kwake. Wanangu wanakula naye."

"Na wewe unasoma unachokiona," Ofella alisema.

Wanaume sita walilibeba jiwe hatua kumi na nane, wakalisimika juu ya mkaa wake wa zamani, na ukoga wake ukarudi kutazama mlimani. Numisia alimfanya Safinius afungue ubao na asome upya, kuanzia mwanzo, kwa sauti. Safari hii alisoma sita. Alisoma vibaya, akigugumia, huku akitazama juu mlimani kila baada ya jina. Nyama ya nguruwe ilikuwa inaungua motoni na hakuna aliyeigeuza.

Ofella alikuwa ameshaanza kupanda kuelekea jiwe lake mwenyewe, sururu begani. Watu walimfuata mmoja mmoja, kwanza wale wa mbali, kisha hata wale waliocheka. Kila mtu alikuwa anajaribu kukumbuka bibi yake alivunja chombo gani.

Hermias alibaki amesimama kati ya mizabibu. Hakuna aliyemshika, hakuna aliyemwambia aende.

Numisia alikaza mshipi. Alitazama chemchemi, akatazama nyapara na wanaume wake sita, akatazama njia ya kwenda villa ya Lusius, ambayo mtu akikimbia anafika kabla supu haijachemka. Kisha akamtazama mumewe.

"Kaa hapa," alimwambia. "Egemeza mgongo wako kwenye hilo jiwe."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nirudi. Wakikuletea chakula usile. Wakikuuliza desturi, wewe huna desturi."

Trebius alikaa chini kwenye tope na kanzu yake nyeupe, akaegemea. "Na mbwa?"

"Mbwa nakwenda naye," alisema Numisia. "Ninyi wawili nitawaangalia mmoja mmoja."

Akampigia mbwa mbinja, akapanda mlima.